Yule mvuvi wa kwenye video aliondoka saa tano asubuhi: si uvivu, ni joto la maji

Kuna video fupi iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Dodoma, ikafika hadi kijiwe chetu cha kahawa karibu na soko la Majengo. Mzungu mmoja amesimama kwenye mto wa mlimani, maji yamemfika magotini, anarusha mshipi mbele na nyuma kama mtu anayechapa mjeledi. Anapata samaki mzuri mwenye madoa, wa kutosha mboga ya watu wawili. Anamtazama, anamrudisha majini. Kisha anachovya kijiti kilichofungwa kamba, anakisoma, anatikisa kichwa, anakusanya vyombo vyake na kuondoka. Maelezo chini ya video yalisema ni Montana, Marekani, mwezi wa saba, saa tano asubuhi.

Kijiwe kikawaka. Wa kwanza akasema yule ni mvivu, maana mvuvi gani anaacha mto wenye samaki kabla ya adhuhuri? Wa pili akasema kile kijiti ni dawa. Wa tatu, ambaye huwa na jibu la kila kitu, akasema wenzetu wana pesa nyingi mno, wamebaki kucheza na vyakula.

Kilichonifanya nikae chini kuandika ni kwamba watu walewale, wiki chache kabla, walikuwa wamebishana kuhusu perege walioonekana wakielea asubuhi kwenye bwawa la kijiji kimoja nje ya mji. Hukumu yao ilikuwa moja: sumu. Hakuna aliyehisi kwamba mzungu wa Montana na perege wa Dodoma wanaweza kuwa na kesi moja. Wanayo. Kesi yenyewe ni joto la maji, na kile ambacho joto hilo humfanyia kiumbe anayepumua kwa mashavu.

Maneno matatu tuyaweke sawa kwanza.

Samaki wa kwenye video ni trauti. Ni samaki wa maji baridi yanayotembea, na asili yake si Afrika Mashariki. Waliopo kwetu walipandikizwa enzi za ukoloni kwenye baadhi ya mito ya baridi, ya Mlima Kenya na Aberdare kwa upande wa Kenya, na ya Kilimanjaro na Nyanda za Juu Kusini kwa upande wetu. Kwa hiyo si samaki wa hadithi, ila hapa katikati ya nchi hayupo na hatakuwepo. Sababu tutaiona.

Ule mshipi unaopigwa kama mjeledi unarusha nzi bandia. Sisi tukivua kwa ndoano tunafunga chubwi, na uzito wa chubwi ndio unaoupeleka mshipi mbali. Nzi bandia hana uzito; ni ndoano ndogo iliyovingirishwa uzi na manyoya ya ndege hadi ikafanana na mdudu. Ndiyo maana mshipi wenyewe hutengenezwa mnene na mzito, ubebe kile kitu chepesi mbele yake. Kule kuupeleka nyuma na mbele si mbwembwe. Bila kufanya hivyo nzi hafiki popote.

Neno la tatu ni kiangazi, na hili ndilo linalopotosha watu zaidi. Mtu akisoma habari za uvuvi wa "kiangazi" huko Marekani, kichwani anaona Oktoba ya Dodoma: vumbi, miti mikavu, mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha mbuyu. Cha kwao ni mwezi wa sita hadi wa nane, wakati sisi tuko kwenye kipupwe, upepo unakata na watu wa Dodoma wanatembea na makoti. Mito yao ya milimani inaanza msimu huo ikiwa imefurika, kwa sababu theluji ya milimani inayeyuka mwezi wa tano na wa sita. Inapofika wa saba na wa nane theluji imekwisha, maji yamepungua, yamekuwa maangavu, na jua linakaa angani muda mrefu kuliko lolote tulilowahi kuliona huku karibu na ikweta. Maji machache, jua refu. Hapo ndipo shida ya trauti inapoanza.

Soda ya moto na soda ya baridi

Samaki hapumui ile oksijeni iliyo sehemu ya maji yenyewe. Anatumia oksijeni iliyoyeyuka majini, kama sukari iliyoyeyuka kwenye chai, ila hii ni gesi. Na gesi ina tabia iliyo kinyume na ya sukari. Sukari hupenda chai ya moto. Gesi hupenda maji ya baridi.

Mtu yeyote aliyewahi kununua soda kwenye kibanda kisicho na umeme anaijua sayansi hii. Soda ya baridi ukiifungua inatoa mlio mdogo na kutulia. Iliyokaa juani inakurukia, inakulowesha shati, na ukiinywa imeshachacha kwa sababu gesi yote imekimbia. Maji ya mto au ya bwawa yanafanya hivyohivyo na oksijeni, kimyakimya tu.

Kwa hesabu: maji ya nyuzi joto 10 yanaweza kubeba karibu miligramu 11 za oksijeni katika kila lita. Yakifika nyuzi 20 yanabeba takriban 9. Yakifika 30, kama 7 na nusu. Hizo ni za usawa wa bahari. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ondoa kama asilimia 12 tena. Na kabla hujasema "mbona tofauti ni ndogo", kumbuka kwamba lita moja ya hewa tunayovuta mimi na wewe ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Samaki anaishi kwenye umaskini wa oksijeni siku zote, hata siku yake nzuri. Ukimpunguzia kidogo umempunguzia sana.

Sasa, hiyo ni nusu tu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo watu wengi huikosa. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Hana njia ya kujipoza kama sisi tunavyotoka jasho. Maji yakipanda nyuzi 10, mwili wake unakimbia karibu mara mbili: moyo unapiga haraka, chakula kinaunguzwa haraka, mahitaji ya oksijeni yanaongezeka hivyohivyo. Kwa hiyo joto linamchukulia samaki kwa mikono miwili. Mkono mmoja unapunguza oksijeni iliyopo, mwingine unaongeza kiasi anachokihitaji. Ni sawa na mtaa ambao mgao wa maji umepunguzwa kwa moja ya tano, na wiki hiyohiyo kila nyumba imepokea wageni wa msiba. Ndoo zitapangwa foleni na zitabaki tupu.

Trauti ana furaha maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 hivi. Yakifika 20 anaanza kuhangaika, na yakikaa kwenye 25 na zaidi wengi hufa. Perege kwenye nyuzi 20 ndiyo kwanza anasema kuna baridi. Yeye anapenda 25 hadi 30 na kitu. Joto linalomuua mmoja ni sebule ya mwingine. Kwa hiyo swali "maji ni ya moto?" halina jibu mpaka useme unamuuliza samaki gani.

Na kile kijiti cha kwenye video? Kipimajoto. Wavuvi wengi wa trauti wamejiwekea nyuzi 20 kuwa kikomo. Yule bwana alisoma, akaona maji yanakaribia au yamepita hapo, akafunga virago. Hakukuwa na dawa wala uvivu.

Jioni ni baridi, lakini siyo majini

Nilipoeleza hadi hapo, kijana mmoja akaniambia: basi si arudi jioni jua likizama? Swali zuri, na jibu lake lipo juu ya mnara wa simtanki nyumbani kwako.

Amka alfajiri ya Oktoba ufungue bomba la bafuni. Maji yanakushtua. Fungua bomba hilohilo saa kumi na moja jioni, jua limeshalegea, kivuli kimeshafika mlangoni, upepo unavuma vizuri: yanatoka ya moto kiasi cha kumwogeshea mtoto mchanga bila kuwasha jiko. Maji hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Wewe umeshapoa, tanki bado linahesabu jua la saa nane.

Mto wa mlimani ni simtanki linalotembea. Joto la maji hufika kileleni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, wakati binadamu anasema "sasa kumepoa, twende". Wakati wa ubaridi wake kabisa ni kuelekea macheo, baada ya usiku mzima wa kupoa. Ndiyo maana mvuvi mwenye akili wa miezi hiyo huwa mtoni alfajiri na nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Huko Montana jambo hili limekuwa hata sheria. Mto ukizidi joto, serikali ya jimbo inapiga marufuku uvuvi kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Kipimo kilichotumika kwa miaka mingi ni maji kufika nyuzi 23 hivi kwa siku tatu mfululizo. Marufuku hiyo wameipa jina la bundi. Jina limetoka kwa wakata mbao wa zamani, ambao nyakati za ukame walianza kazi usiku wa manane bundi wakilia, ili kufika mchana mashine ziwe zimezimwa na msitu usishike moto. Najua bundi huku kwetu ana sifa nyingine, na mzee mmoja kijiweni alikunja uso niliposema. Lakini kwa trauti huyu ni bundi wa heri.

Samaki anakaa wapi maji yakipungua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo uvuvi huu unapokuwa na utamu wake.

Maji yakiwa ya moto na machache, trauti hatawanyiki mto mzima. Anafuata mambo mawili, hewa na nafuu. Hewa ipo pale maji yanapobingirika juu ya mawe na kutoa povu, kwa sababu kule kupigwapigwa kunaingiza oksijeni mpya. Ni kama mama anavyomimina uji wa moto kutoka kikombe hiki kwenda kile: kila mmimino hewa inaingia na joto linatoka. Nafuu ipo nyuma ya jiwe kubwa, chini ya kivuli cha mti ulioinama, au pale chemchemi ya baridi inapoingilia mtoni.

Sehemu nzuri kuliko zote ni mpakani, pale maji ya kasi yanapogusana na maji yaliyotulia. Samaki hukaa kwenye utulivu, uso ameuelekeza mkondo unakotoka, na kusubiri chakula kiletwe na maji ya kasi. Mwangalie mzee aliyekaa kwenye benchi kona ya stendi. Hafukuzani na wauza karanga. Anajua watapita. Akiona bakuli linasogea ananyoosha mkono tu. Ndivyo trauti alivyo: anatoka hatua moja, ananasa, anarudi kwenye benchi lake.

Na wanaopita ni nani? Mwanzoni mwa msimu ni wadudu wanaokulia majini, ambao siku moja hupanda juu kwa pamoja, hupata mabawa na kuruka. Mtu wa Dodoma hahitaji darasa hapo. Umeshaona mvua ya kwanza ikinyesha na jioni yake kumbikumbi wakatoka ardhini kwa maelfu, kuku wanakimbia, watoto wanakimbia na ndoo, na hakuna anayetaka kula kitu kingine usiku huo. Trauti naye wadudu wakipanda anakuwa hivyo. Nzi bandia asiyefanana na mdudu wa siku hiyo hatazamwi. Lakini kufika mwezi wa nane wadudu wa majini wamepungua na majani ya kando ya mto yamekauka, hapo upepo wa mchana unamwangusha panzi majini, au sisimizi, au mende wa majanini. Mvuvi anabadilisha ndoano anafunga panzi wa manyoya, anamwangusha karibu na ukingo kwa kishindo kidogo, kwa sababu panzi wa kweli haanguki kwa adabu.

Maji yakiwa maangavu hivyo, samaki naye anakuona. Kivuli chako kikipita juu yake amekwenda. Utawaona wavuvi wanainama, wanatembea kutoka chini kwenda juu ili wawe nyuma ya samaki, na mwisho wa mshipi wanaufunga uzi mwembamba mrefu usioonekana.

Kuna jambo jingine la ajabu kidogo. Baadhi ya mito bora ya trauti miezi ya joto ipo chini ya mabwawa makubwa. Mto Bighorn chini ya bwawa la Yellowtail, hukohuko Montana, ni mfano. Kwenye bwawa lenye kina kirefu maji ya moto huelea juu na ya baridi hukaa chini, na likifunguliwa kutoka chini, mto unaotoka ni wa baridi katikati ya joto kali. Usije ukadhani bwawa letu la Mtera litafanya hivyo. Mtera likijaa hufunika zaidi ya kilomita za mraba 600, lakini kwa upana wake kina chake cha wastani ni cha mita chache tu, na upepo wa uwandani unalikoroga. Ni sufuria pana juu ya jiko la jua. Perege wanalipenda kwa sababu hiyohiyo.

"Si amemrudisha majini, shida iko wapi?"

Hili nalo huwa linasemwa, tena na wavuvi wenyewe: kama unamwachia samaki, joto linakuhusu nini? Linakuhusu sana. Samaki akiwa kwenye ndoano anakimbia mbio za kufa na kupona. Misuli inajaa uchovu uleule unaoukuta miguuni ukipanda kilima cha Mlimwa kwa kukimbia. Kwenye maji ya baridi anapumzika na kurudia hali yake. Kwenye maji ya nyuzi 22 hana oksijeni ya kulipia deni lile. Ataogelea mbele ya macho yako, utapiga picha, utafurahi, na saa kadhaa baadaye atakufa chini ya jiwe usikomwona.

Kwa hiyo kumwachia ni nusu tu ya wema. Nusu nyingine ni kumvuta upesi, kulowesha mikono kabla ya kumshika ili usimtoe ute unaomkinga, kutomwinua juu muda mrefu, na maji yakizidi joto, kutomvua kabisa.

Turudi kwenye perege wetu

Perege wanastahimili mengi. Oksijeni ikishuka hadi miligramu 2 wanaweza kuvumilia kwa muda, wakija juu na kufungua vinywa pale maji yanapogusana na hewa. Lakini bwawa dogo la mwisho wa kiangazi chetu lina mtego wake. Mchana mwani wa kijani unatengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku jua hakuna, mwani wenyewe unapumua, samaki wanapumua, matope na mavi ya ng'ombe yanaoza na kula oksijeni pia. Kila kiumbe anachota na hakuna anayetia. Kufika alfajiri akaunti imesoma sifuri.

Kwa hiyo saa ya hatari ya perege ni alfajiri, na ya trauti ni jioni. Kwa mmoja shida kubwa ni joto la maji, kwa mwingine ni usiku mrefu kwenye maji ya vuguvugu yaliyojaa uozo. Kinachokosekana ni kilekile.

Wengi pia huamini mvua ya kwanza ni mkombozi wa samaki. Mara nyingine ndiyo inayowamaliza. Inasomba mavi, majani na udongo wa miezi saba hadi bwawani, inapoza maji ya juu yakazama, na yale ya chini yasiyo na oksijeni yakapanda. Asubuhi watu wanakuta samaki wanaelea na kusema mtu amemwaga kitu usiku.

Sumu ipo, sikatai, na wako watu wanaoitumia kuvua. Ila kabla hujamtaja jirani yako, angalia dalili. Ukosefu wa oksijeni kwa kawaida huua usiku wa kuamkia asubuhi, huanza na samaki wakubwa, na humwacha kambale akiwa hai, kwa sababu kambale ana kiungo juu ya mashavu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu moja kwa moja. Sumu mara nyingi haichagui hivyo. Huondoka na wadogo, vyura na wadudu wa majini, saa yoyote ya siku. Na kwa vyovyote vile, samaki uliyemkuta anaelea usimpeleke jikoni mpaka wataalamu waseme kilichomuua.

Kuna aliyeniuliza kama vifaranga vya trauti vinaweza kuletwa vifugwe Hombolo. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, maji yake yana chumvichumvi na yanapigwa na jua la nchi kame yenye mvua za miezi mitano tu kwa mwaka. Ukimleta trauti pale utakuwa umeleta mboga ya siku moja.

Mzee wetu wa kijiweni alisikiliza yote haya bila neno, akamaliza kahawa yake, akaomba video irudiwe. Akatazama hadi pale yule bwana anapokunja mshipi na kuondoka.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Asubuhi anavua na hali. Mchana amekatazwa kuvua. Sasa mchana anakula nini?"

Nikamjibu kwamba hilo halimo kwenye video.